Maji ya mfereji wangu Umoja na mto wa kwetu Tana

Jumatano ndio siku yetu ya maji hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Yanakuja usiku wa manane, saa nane ama saa tisa hivi, na mfereji unaanza kwa kukohoa kohoa hewa kabla maji hayajatoka, sasa hiyo kukohoa ndio alamu yetu ploti nzima, watu wanatoka na mitungi na ndoo na ata masufuria, kila mtu na shuka begani. Majuzi nilikuwa hapo kwa foleni na jirani yangu, mama wa watu mpole sana, akaniuliza kwetu ni wapi manake Kiswahili changu anasikia ni cha pwani lakini sio cha Mombasa. Nikamwambia Tana River. Akasema, "Woi, pole mwanangu, huko kwa mafuriko."

Hakuwa na nia mbaya ata kidogo. Lakini nilirudi kwa nyumba na mitungi yangu minne na usingizi ukakataa, kwa sababu maji niliyokuwa nimebeba ni ya mto wetu. Sisemi kwa mafumbo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika 1994, na Ndakaini imezuia mto Thika, na Thika unaingia Tana. Bwawa la Sasumua nalo maji yake ni ya upande wa mto Chania, Chania unaingia Thika, Thika unaingia Tana, mambo ni yale yale. Halafu kuna ule mtaro uliochimbwa chini ya ardhi, kilomita 11.8, wa kuchukua maji ya Maragua na Gikigie na Irati kuyapeleka Ndakaini, na hiyo yote pia ni mito inayolisha Tana. Kwa hivyo mimi na huyo mama tulikuwa tumesimama saa tisa usiku tukingojea mto wa nyanya yangu.

Ndio maana naandika hii. Kwetu kunajulikana kwa habari mbaya tu, na mimi nataka angalau mtu mmoja anayekunywa haya maji ajue yasingeletwa hapa yangeenda wapi na yangekuta nani.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000, unaanzia Aberdare na mlima Kenya unateremka unazunguka mpaka Kipini unamwagika baharini. Wakikuyu wanauita Thagana, sisi Wapokomo tunasema Tsana, ukisikiliza ni kama jina moja limesafiri na maji likabadilika kidogo njiani. Kaunti yetu ya Tana River ni kubwa ajabu lakini watu ni wachache, sensa ya 2019 ilihesabu 315,943, hawafiki ata wa mitaa michache ya hapa Nairobi, na wengi wameshikilia ule mto kama watoto walioshika leso ya mama yao.

Kwenda nyumbani napanda basi la usiku. Thika, Mwingi tunateremka chai, halafu giza refu la Ukasi na Bangale, na kukipambazuka uko Madogo. Hapo daraja la Garissa liko mbele yako kabisa lakini sisi wa Hola hatuvuki, tunakata mkono wa kulia tunashuka na mto. Kwa macho ya mgeni hapo hakuna kitu, ni vumbi na mathenge, huo mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa sasa umeziba mpaka njia za mbuzi. Lakini tazama upande wa kushoto. Mbali kule kuna mstari wa kijani kibichi, mwembamba, unaenda sambamba na gari, saa ingine unakaribia saa ingine unapotea, na huo ndio mto. Kila nikiuona huo mstari tumbo linatulia. Nyuma ya nyumba zetu ni ukame ambao ata swala wanahema, na mbele ya nyumba, hatua mia mbili hivi, ni msitu wa mikuyu na mikindu wenye baridi na kelele za ndege, na kati ya hizo dunia mbili ndio tunaishi.

Kijiji chetu kiko chini ya Wenje. Ukifika lazima uvuke, na kuvuka ni mtumbwi. Nataka niwaeleze huu mtumbwi vizuri. Ni gogo moja lililochongwa likaingia shimo katikati, hauna ubao uliopigiliwa misumari, na ukikaa unasikia maji yakipita chini ya makalio yako kabisa. Mvushaji anasimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, na hakati moja kwa moja kwenda ng'ambo kama vile ungefikiria. Kwanza anapanda juu kando kando ya ukingo, polepole, anachoma upondo kwenye tope anausukuma anauvuta, mpaka afike mahali anapojua yeye, halafu anageuza pua anauachia mkondo utubebe, na mkondo unatuteremsha kwa mshazari mpaka tunatua pale pale kwenye ngazi za udongo za upande wa pili. Niliwahi kuvuka na mama mwenye mtoto mgongoni, kuku watatu, gunia la unga na pikipiki nzima imelazwa, na yule kijana wa upondo hakurusha ata tone moja ndani. Mtu wa hivyo anausoma mto kama wewe unavyosoma meseji.

Na mamba wako, sitaficha. Ndio maana pale wanapoteka maji kina mama wamezungushia uzio wa miiba ndani ya maji, ama unatumia kata yenye mpini mrefu sana unasimama juu. Watoto wanafunzwa hiyo kabla hawajafunzwa kuhesabu.

Sasa nyanya yangu. Nyanya ana kijiti. Kila msimu anachonga kipya, cha mswaki, anakishindilia kwenye tope pale maji yanapogusa ukingo na anakata alama kwa kisu, kila alama upana wa kidole chake. Asubuhi kabla ya chai anashuka na fimbo yake, anainama, anaangalia, anagusa ile alama ya juu iliyolowa kwa kidole gumba, anarudi. Usimuulize kitu akiwa njiani. Akishakaa ndio atasema, "Vidole viwili tangu jana." Hapo watu wanaanza kupanga mambo, nani atoe mahindi mapema, nani ahamishe mbuzi, mtumbwi wa nani ufungwe juu zaidi.

Watu wa bara hawaelewi kitu kimoja. Kwetu mafuriko yanakuja jua likiwaka. Mvua yetu ni kidogo sana, mbingu inaweza kuwa safi kama sahani na mto unapanda, manake kumenyesha huko juu siku kadhaa zilizopita, Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Meru. Na zamani hayo maji hayakuwa adui. Nyanya akiyazungumzia anayazungumzia kama mgeni aliyezoeleka, anakuja masika mwezi wa nne wa tano, anakuja tena vuli mwezi wa kumi na moja, anaingia mashambani anakaa, akiondoka anaacha tope laini jeusi, na ndani ya tope hilo ndio tulipanda mpunga na mahindi na ndizi na pojo, hiyo mnaita ndengu huku. Hakuna mbolea ya dukani. Samaki nao walibaki kwenye vidimbwi, kambale mnene wa kushika kwa mikono. Nyanya anasema mwaka ambao mto haukutoka nje ndio ulikuwa mwaka wa njaa.

Halafu mabwawa yakaja. Kindaruma 1968, Kamburu na Gitaru, Masinga 1981 ambayo ndio kubwa, Kiambere 1988. Mimi naandika hii kwa stima, siwezi kusema mabwawa ni mabaya, stima hiyo imesomesha watu. Lakini mto unaotufikia sio ule ule. Mwaka wa kawaida maji yanashikwa huko juu, yale mafuriko madogo mazuri ya kuleta tope hayafiki ama yanafika nusu nusu, na mwaka wa mvua kubwa mabwawa yakijaa yote yanamwagika kwa pamoja juu ya maji mengine ya chini, na sasa sio mgeni tena, ni kitu kimevunja mlango. Novemba 2023 ilikuwa hivyo. Barabara ya Madogo na Garissa ilikatika, na Lango la Simba kule njia ya Lamu nako kukakatika. Aprili 2024 tena, na hapo Madogo mashua iliyokuwa ikivusha watu ikapinduka watu wakafa. Nyanya alikaa chini ya turubai juu kwa mwinuko wiki tano. Nilimpigia simu nikidhani atalia, akaniambia kitu kinachomuuma ni kwamba maji yalipita alama zote za kijiti usiku mmoja, na yeye hajawahi kuona mto usiomwambia kitu kwanza.

Hiyo ndio naona watu hawajui. Tatizo letu sio maji mengi, maji mengi tumeishi nayo miaka na mikaka. Tatizo ni maji yasiyo na wakati wake. Na ukame pia ni vile vile, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia 2020 mwishoni, ng'ombe walikufa wamelala mstari barabarani, harufu ilifika mpaka Hola mjini.

Desemba nilipoenda ilikuwa msimu wa maembe. Embe za Tana jamani. Kuna ngowe, ile ndefu yenye pua, na boribo inayoyeyuka mdomoni. Unakaa chini ya mti asubuhi kukiwa na umande, unaokota lililoanguka usiku, unalifinya finya pole pole kwa vidole mpaka ndani liwe uji, unatoboa tundu dogo kwa jino upande wa kikonyo, unafyonza. Huhitaji kisu. Ukimaliza kokwa inabaki imevaa ganda lake kama soksi. Na hayo hayo maembe broka anakuja na lori ananunua kwa bei ya kutupa, kwa sababu anajua yataoza na anajua barabara ya kwetu, na juzi nimeyaona soko la Marikiti hapa Nairobi yamepangwa mafungu mafungu, bei imepanda mara nyingi sana. Nilinunua mawili nikayanusa tu kwanza.

Jioni ndio wanakuja Waorma na ng'ombe. Hapa nataka niende polepole. Waorma na Wawardei ni wafugaji, sisi Wapokomo ni wakulima wa kingoni, na kuna Wamunyoyaya, Wailwana, Wabajuni, Wagiriama, Wawata, kaunti hii ni watu wengi. Kiangazi mifugo lazima ifike mtoni na njia yake inaitwa malka, ni njia iliyoachwa kati ya shamba na shamba ng'ombe wateremke wanywe warudi. Malka ikilimwa, ng'ombe anakula mahindi. Ng'ombe akila mahindi, basi. Ugomvi wote unaousikia huanzia hapo ama hupitia hapo. 2012 mimi nilikuwa kidato cha pili shule ya bweni, tukaitwa ukumbini tukaambiwa wa Garsen na pande hizo msiende likizo kwanza. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, mpaka mwaka unageuka watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa, wa pande zote mbili, akina mama na watoto wachanga. Sina maneno ya kupamba hiyo.

Lakini nina hii. Babu yangu alikuwa na rafiki yake Muorma, wa tangu ujana. Babu alikuwa na ng'ombe wawili, wanakaa kwa huyo mzee, na huyo mzee alikuwa na mahindi yake kwenye ghala la babu. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Huo mwaka wa vita hawakuonana miezi mingi kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa na kila mtu anaangaliwa na watu wake. Babu alipofariki, matanga ya siku ya tatu, tukaona mzee anatoka kwa malka peke yake, amebeba maziwa kwa kile chombo chao cha kusukwa kwa nyuzi, kile wanachokifukiza moshi ndani. Akamwambia nyanya, "Salaam aleikum mama. Ng'ombe wenu wamezaa. Ni wanne sasa." Nilikunywa yale maziwa, yana ladha ya moshi na kitu kama mti mbichi, na mpaka leo nikinusa makaa mahali mbele yangu inakuja hiyo siku.

Chini ya kijiji chetu ndio kuna ile hifadhi ya nyani wa Tana, iliyowekwa 1976. Kuna kolobasi mwekundu wa Tana na kuna mangabei wa Tana, hao hawapatikani popote pengine duniani, ni hapo tu kwenye vipande vya msitu kando ya mto, na wako hatarini wote wawili. Nilipokuwa mdogo tuliwafukuza kwa manati wakila maembe. Saa hii nikienda nakaa tu nawaangalia. Mangabei anatembea chini, anapekua majani makavu kwa mikono miwili kama mama anayepepeta mchele, anapata kitu, anatazama huku na huku, anakula. Na ule msitu wenyewe unahitaji mafuriko ili miti midogo iote, mto usipotoka unazeeka bila watoto.

Mto wenyewe pia hautulii. Unahama. Kuna viji-ziwa vya upinde kila mahali ambavyo zamani vilikuwa mto. 1989 pale Hola ulihama ukaacha pampu za skimu zimeangalia mchanga, mashamba ya umwagiliaji yakafa, watu waliokuwa na mshahara wakarudi kuwa watu wa kusubiri misaada. Na huko chini kabisa, Ozi na Kau, maji ya mto yakipungua bahari inapanda inaingia, chumvi inafika mashamba ya mpunga. Tena hiyo delta, pale mto unapogawanyika kabla ya kuingia baharini, tangu 2012 iko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia, kuna viboko, kuna mikoko, kuna ndege ambao wanatoka Ulaya wanakuja kupumzika kwetu.

Na kuna vitu vyetu vimetoka vikaenda mbali. Ngoma yetu kubwa ya wazee, ngadji, ilichukuliwa na wakoloni na tangu 1908 iko British Museum, London, ndani ya stoo. Wazee wanasema ikipigwa ilisikika vijiji na vijiji. Hakuna mtu aliye hai kwetu aliyeisikia. Kingine hakijapotea lakini watu hawajui ni chetu. Muziki wa wimbo wa taifa, ule mnaosimama kuuimba, umetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, Mzee Meza Galana ndiye aliyeutoa ukatumika 1963. Nyanya anaubembelezea wajukuu mpaka leo, kwa sauti ya chini na mkono unapiga piga mgongo, na mtoto analala. Kila nikiusikia ukipigwa uwanja wa Kasarani na watu elfu na elfu wamesimama, mimi naona mkeka.

Sasa turudi kwa yule jirani yangu. Jumatano iliyofuata tulikutana tena pale mferejini, nikamwambia, mama, haya maji yasingeletwa hapa yangeteremka yakapita kwetu. Nikamweleza vile nimewaeleza nyinyi. Alinyamaza, akajaza mtungi wake wa kwanza, halafu akasema kwao ni Gatanga, ng'ambo ya Ndakaini, mama yake mzazi bado yuko huko kwa shamba la chai. Na akasema Hola anaijua jina, wazee wa kwao walikuwa wanaitaja. Nilijua anachosema kabla hajamaliza. Ni pale wafungwa 11 wa Mau Mau waliokuwa kizuizini walipigwa na askari wa mkoloni mpaka wakafa tarehe 3 Machi 1959, watu wa milimani walioletwa kwenye joto letu kuchimba mifereji ya maji. Tulisimama hapo, mitungi imeshajaa, hakuna aliyeondoka.

Nikamwambia basi kuhusu kijiti cha nyanya. Na kwamba nyanya hunipigia simu kuniuliza kama Nairobi kunanyesha, na huwa namwambia nyanya mvua ya Nairobi haiji kwako, inaenda mto Athi, inatokea Malindi huko, mimi siwezi kukusaidia. Huyo mama akaniomba namba.

Jana saa kumi na mbili asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini nimepata meseji yake. "Mama amesema kwetu imenyesha siku tatu bila kukata. Barabara ya majani chai imekatika. Mwambie nyanya."

Nikapiga. Netiwaki ya kwetu unajua vile ilivyo, mara ya nne ndio ikashika, na nyuma nilisikia kuku na mtu anakata kuni. Nikamwambia. Akauliza, siku tatu? Nikasema siku tatu nyanya. Akakaa kimya kidogo, nikasikia anamwita mjomba, anamwambia yale mahindi ya chini yatolewe leo, yakiwa mabichi hivyo hivyo, na kile kijiti akakichomeke juu zaidi.